Nyanchama na Maji ya Kiwanda cha Ngozi

Kiwanda cha ngozi cha Riamokua kilijengwa mwaka 1971 kwenye mteremko wenye miti ya miwati, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Keroka. Ngozi zililetwa na wachinjaji wa Kisii na Nyamira, maganda ya miwati ya kusindikia ngozi yakatoka mashamba ya jirani, na maji yakavutwa kutoka kijito cha Enchoro. Yakishatumika, maji hayo yalirudishwa kijitoni yakiwa na weupe wa maziwa yaliyoganda na uvundo wa mayai viza. Watu wa chini ya bonde walivumilia mwaka mmoja. Mwaka wa pili ng'ombe wao walianza kufika kijitoni, kunusa, na kugeuka bila kunywa. Ndipo mzee Omwenga, ambaye shamba lake lilipakana na kijito, alipopanda basi hadi Kisumu kumtafuta mtu wa serikali anayehusika na maji.

Huo ndio mwaka Nyanchama alioajiriwa pale kiwandani.

Alizaliwa Kebirigo mwaka 1943 katika nyumba ya Waadventista waliolima wimbi na ndizi kabla majani chai hayajaingia. Alifaulu mtihani wa darasa la nane, lakini nafasi ya kuendelea na masomo ikaenda kwa kaka yake, na hakuna aliyeona ajabu. Mwaka 1964 alipata kazi ya kuosha chupa katika maabara ya shule moja ya wasichana ya Wakatoliki. Mwalimu wa kemia, mtawa Mzungu aliyeitwa na wote Sista tu, alikuwa na desturi moja.

"Chupa hiyo umeiosha?" angeuliza.

"Ndiyo, Sista."

"Ilikuwa na nini?"

Nyanchama asipojua, alipewa kitabu akatafute. Kwa njia hiyo, chupa baada ya chupa, alijifunza kemia. Kufikia mwaka 1970 ndiye aliyetayarisha dawa zote za mitihani, na akapata cheti cha msaidizi wa maabara. Wakati huo alikuwa ameolewa na Mogire, dereva wa lori la maganda ya miwati, na ni Mogire aliyerudi siku moja na habari kwamba kiwanda cha Riamokua kinatafuta mtu anayejua kupima.

Meneja, Bwana Okemwa, alimtazama mwanamke huyo mwembamba mwenye kitambaa cheupe kichwani, akatazama na cheti chake.

"Kazi hii ina uvundo, mama," alimwambia.

"Nimewahi kutengeneza uvundo huo kwa mikono yangu, ili wasichana wafanye mtihani," akajibu Nyanchama. "Naujua kwa jina lake."

Jina lake lilikuwa salfaidi. Kiwandani ngozi zililowekwa kwenye mashimo ya saruji yenye chokaa na salfaidi ili manyoya yang'oke. Dawa hiyo ilifanya kazi yake vizuri, kisha ikatoka na maji, ikaenda kuua samaki na kuwafukuza ng'ombe. Palikuwa na hatari nyingine pia. Ngozi zilipitia baadaye maji yenye asidi, na maji hayo mawili yalipokutana mferejini, gesi ilipanda. Mfanyakazi mmoja alizirai hapo mwezi wa nane akabebwa hadi hospitali. Alipona, ila tangu hapo wenzake walipita mferejini wakiwa wamebana pumzi.

Mapema mwaka 1973 ofisa wa maji alifika kutoka Kisumu. Aliitwa Bwana Mwangangi, Mkamba mpole asiyependa maneno mengi. Alileta kisanduku chenye mshale na nyaya mbili, na mwisho wa kila waya palikuwa na kitu kama kalamu nene. Akamweleza Nyanchama kwamba kalamu ya kwanza ni ya kulinganishia tu. Ya pili ndiyo kitambuzi chenyewe. Ukiichovya majini, haishughuliki na chumvi wala chokaa wala damu. Inaitikia salfaidi peke yake, na mshale unakuonyesha iko kiasi gani.

"Mbinu ya zamani ilichukua nusu siku," alisema Mwangangi. "Hii ni dakika tatu."

Siku hiyo walipima pamoja maji yanayoingia kijitoni. Miligramu tisini kwa kila lita. Mwangangi akaandika barua papo hapo, juu ya boneti ya Land Rover: hadi mwisho wa mwezi wa kumi na moja kiwanda kishushe kipimo hicho hadi mbili, la sivyo kifungwe. Kifaa akakiacha kwa mkopo.

Kiwanda kilichimba bwawa. Kikanunua pampu ya kupuliza hewa ndani ya maji, na chumvi ya manganizi ya kuharakisha kazi ya hewa. Nyanchama akawa anapima bwawa asubuhi na jioni, akiandika katika daftari lake la jalada jeusi. Namba zilishuka, zikapanda, zikashuka tena, bila mpango aliouona. Wafanyakazi walikiita kitambuzi "sindano", na wengi walipenda kusimama kumtazama. Aliyechukia ni nyapara wao, Ratemo. Huyu alikuwa amefanya kazi ya ngozi miaka kumi na miwili, huko Nakuru na kwingine, na alijua maji yaliyoiva kwa kuyatazama.

Mwezi wa tisa, siku ya Jumatatu, Nyanchama alifika kazini akakuta kitambuzi kimevunjika. Ratemo alikuwa amekitumia siku ya Sabato, yeye Nyanchama akiwa kanisani. Alitaka kuona kama shimo la chokaa bado lina nguvu, akakichovya hadi chini, kikagonga saruji. Ncha nyeusi iliyokuwa na ukubwa wa kifungo cha shati ilikuwa imepasuka vipande vitatu.

"Kidude chenyewe ni dhaifu," alisema Ratemo, lakini hakumtazama usoni.

Bwana Okemwa akapiga simu Nairobi. Kitambuzi kipya kingetoka ng'ambo, miezi minne. Siku ya kufungwa ilikuwa imebakiza wiki kumi. Meneja alikaa ofisini mlango umefungwa, kisha akamwita Nyanchama.

"Nina watu themanini na wawili hapa," alisema. "Maji yetu si mabaya kama zamani, wewe mwenyewe unajua. Endelea kujaza daftari. Weka namba zinazofanana na za wiki iliyopita."

"Bwana Okemwa, namba ambayo sikuipima siwezi kuiandika."

"Ofisa atataka daftari."

"Atalikuta. Na mahali ambapo sikupima ataona nafasi tupu."

Okemwa alifumba macho. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye hofu, na Nyanchama alilijua hilo, ndiyo sababu hakukasirika. Alichoomba ni kijitabu kilichokuja na kifaa, na ruhusa ya siku chache.

Kijitabu kilikuwa cha Kiingereza kigumu. Alikisoma mezani, chini ya dirisha la maabara, huku kamusi iko pembeni. Ukurasa wa nne ulisema ncha ile nyeusi ni madini ya fedha yaliyoungana na salfa. Nyanchama akaacha kusoma. Alikumbuka siku mojawapo shuleni, walipotengeneza gesi ya mayai viza kwa ajili ya mtihani, na pete ya fedha ya Sista ikageuka nyeusi kidoleni mwake. Sista hakuisugua. Aliinua mkono akawaonyesha wasichana. "Fedha na salfa," alisema, "zikikutana haziachani."

Basi kama fedha huwa nyeusi yenyewe ndani ya salfaidi, kwa nini mtu asichukue waya wa fedha akaufanya mweusi mwenyewe? Mshale ulikuwa mzima. Kalamu ya kulinganishia ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni ncha tu.

Fedha aliyokuwa nayo ni moja. Mogire alimnunulia mkufu wakati wakichumbiana, mwembamba, wenye vipete vidogo vidogo. Mwaka uliofuata walibatizwa pamoja mtoni, na kama ilivyo kawaida ya Waadventista, mapambo akayavua. Hakuwahi kuutupa. Ulikuwa umefungwa katika leso ndani ya sanduku la nguo.

"Mogire," alimwambia mumewe wakila, "ule mkufu wangu nataka kuuyeyusha."

Mogire alimega ugali wake wa wimbi, akatafuna kwanza. "Miaka minane hujauvaa," alisema. "Nilidhani uliupoteza ukaogopa kuniambia."

Ijumaa asubuhi alipanda lori la mumewe hadi mji wa Kisii, kwa sonara Mhindi mwenye duka nyuma ya soko. Sonara aliupima mkufu kwenye mizani, akaugeuzageuza.

"Fedha safi, mama. Unataka bangili? Hereni?"

"Nataka waya. Mnene kama njiti ya kiberiti, na usichanganye na kitu kingine."

"Waya wa kufunga nini?"

"Wa kupimia maji machafu ya kiwanda."

Sonara aliuweka mkufu katika kijungu chake cha kuyeyushia. Kisha akawasha moto wake. Alasiri Nyanchama aliondoka na waya wenye urefu wa shubiri moja, ukiwa umezungushwa katika karatasi ya gazeti, akawahi nyumbani kabla jua la Sabato halijazama.

Jumapili alianza kazi. Fundi wa redio wa pale Keroka alimuunganishia waya wa fedha na waya wa shaba kwa risasi ya kuyeyusha. Nyanchama akaupitisha waya ndani ya mrija wa glasi, akaziba kwa nta, akaacha ncha ya fedha ikichungulia nje. Akaichovya katika maji ya shimo la chokaa. Ncha ikawa ya manjano, kisha kahawia, kisha nyeusi kama mbegu ya papai.

Alipoiunganisha na kisanduku, mshale ulishuka vizuri, akafurahi. Baada ya dakika tano ulikuwa bado unatembea. Baada ya kumi ulianza kurudi juu. Akachovya tena, ukaenda mahali pengine kabisa. Siku nzima ya Jumatatu mshale ulimchezea hivyo. Jumanne aliuvunja mrija akakuta ndani mna unyevu. Nta ilikuwa imepasuka kidogo, maji yakafika kwenye shaba, na mshale ulikuwa unapima vitu viwili kwa wakati mmoja.

Safari hii aliacha nta. Alitumia gundi ile ya kuchanganya kutoka tyubu mbili ambayo Mogire aliitumia kuziba tangi la lori, akaiacha ikauke siku mbili kamili. Alhamisi alichemsha maji ili kuondoa hewa, maana hewa huila salfaidi, akatayarisha chupa tatu za maji ya salfaidi: ya miligramu moja, ya kumi, na ya mia. Kila chupa aliitilia kidogo soda kali, ile ya kutengenezea sabuni, kama kijitabu kilivyoagiza. Akachovya katika ya kwanza.

Mshale ulishuka, ukasimama.

Akaosha ncha, akaingia ya pili. Mshale ulishuka tena, hatua ishirini na tisa chini ya pale pa kwanza, ukasimama. Ya tatu: hatua ishirini na nane nyingine, ukasimama. Alirudia kutoka mwanzo. Alirudia mara sita. Kwenye karatasi ya grafu alama tatu zilikaa kwenye mstari mmoja mnyoofu kama uzi wa mwashi. Nyanchama aliketi kwenye kiti chake, akaweka mikono mapajani, akaanza kucheka peke yake. Bwana Okemwa aliposikia alitoka ofisini kuja kuona kuna nini.

"Inafanya kazi?" aliuliza.

"Chovya mwenyewe."

Meneja alichovya, akatazama, akachovya tena. Mchana ule hakurudi ofisini mpaka kengele ya kutoka.

Sasa, kwa kuwa sindano ilikuwa yake mwenyewe na hakuwa na hofu ya kuivunja, Nyanchama alifanya jambo ambalo hakuthubutu kulifanya na ile ya ng'ambo. Aliacha kupima asubuhi na jioni tu. Alipima kila saa, bwawani na mferejini, kwa wiki mbili. Na hapo mpango ambao hakuwa ameuona miezi yote ukajitokeza. Tangu asubuhi hadi saa nane mchana maji ya bwawa yalikuwa safi kiasi cha kushangaza, tatu, nne. Saa tisa yalirukia sabini. Kila siku ya kazi, saa tisa. Kufikia jioni hewa ilikuwa imeyapunguza, siku nyingine sana, siku nyingine kidogo.

Saa tisa ndipo Ratemo alipofungua mashimo yote matatu ya chokaa kwa mkupuo, ili wanaume wake wamalize kusafisha na kwenda nyumbani mapema. Hewa ya pampu ingetosha shimo moja. Mashimo matatu pamoja yaliizidi nguvu.

Alimwendea akiwa peke yake kando ya mashimo, asimwaibishe mbele ya watu.

"Ratemo, nina kitu nataka ukipime."

"Mimi? Mimi ni mvunjaji, si unakumbuka."

"Hii haivunjiki. Ni mkufu wangu."

Ratemo alidhani anataniwa. Alipoelewa, akaishika sindano kwa vidole viwili kama mtu anayeshika kifaranga. Walianza saa nane, wakapima kila robo saa. Ratemo mwenyewe alisoma mshale, Nyanchama akaandika. Saa tisa nyapara akafungua mashimo kama kawaida yake. Saa tisa na robo alisoma namba, akainama kuisoma tena.

"Hii yote ni yangu?" aliuliza.

"Ya mashimo matatu. Na ile gesi ya mferejini, iliyomwangusha kijana wako, inatoka hapo hapo. Ukifungua moja asubuhi, moja saa sita, moja saa tisa, na kila mara tukapima kabla ya kufungua lingine, bwawa litaweza."

Ratemo alijipangusa mikono kwenye aproni kwa muda mrefu. "Nilidhani kichwa kinaniuma kwa sababu ya uzee," alisema. "Siku zote kinaniuma saa kumi."

Tangu siku hiyo mashimo yalifunguliwa kwa zamu. Ratemo, aliyekuwa Mkatoliki, akajifunza kupima siku za Jumamosi ili daftari lisiwe na pengo, na mwandiko wake mzito ukaanza kuonekana kati ya ule wa Nyanchama. Ni yeye pia aliyegundua, akichezacheza na sindano, kwamba maji ya shimo lililotumika bado yana nusu ya dawa. Badala ya kuyamwaga yote, wakaanza kuyaongezea na kuyatumia mara ya pili, na magunia ya salfaidi yakadumu karibu maradufu. Vichwa vya watu vikaacha kuuma.

Tarehe ishirini na nane mwezi wa kumi na moja, Land Rover ya Mwangangi iliingia uani. Alikuwa amekuja na kitambuzi chake cha ofisini. Mzee Omwenga alikuwa amefika mapema zaidi, na wazee wengine wanne wa bonde, wote wamevaa makoti. Wafanyakazi walisimama ukutani bila kuambiwa.

Mwangangi alisoma daftari kwanza. Alifika kwenye siku zile kumi na moja tupu za mwezi wa tisa.

"Hapa kulikuwa na nini?"

"Kitambuzi kilivunjika," alisema Nyanchama.

"Na hizi zinazofuata ulizipima kwa kifaa gani?"

Alimwonyesha. Ofisa aliugeuza ule mrija wa glasi kwenye mwanga, akatazama ncha nyeusi, gundi ya tangi la lori, waya wa redio. Alikwenda mwisho wa bwawa, maji yanapotokea kuelekea kijitoni, akajaza chupa moja, akaigawa mara mbili. Nusu moja alichovya kitambuzi chake, ya pili akamwachia Nyanchama. Pampu ilinguruma nyuma yao.

"Moja nukta nne," alisema Mwangangi.

"Moja nukta tano," alisema Nyanchama.

Mwangangi aliomba abadilishe. Alichovya cha Nyanchama katika chupa yake na chake katika chupa ya Nyanchama. Moja nukta tano. Moja nukta nne. Akafungua kalamu, akaandika, akampa Bwana Okemwa karatasi ya kuendelea na kazi. Ukutani mtu mmoja alianza kupiga makofi, kisha wote themanini na wawili, na Ratemo alipiga kwa nguvu zaidi ya wote.

Omwenga alingoja makofi yaishe.

"Mimi sijui kusoma mshale," alimwambia Nyanchama kwa Kikisii. "Nitasoma ng'ombe wangu."

"Ni haki yako, tata," alijibu kwa heshima, kama binti na baba yake. "Wakikataa kunywa, njoo uniite mimi. Usipande basi la Kisumu."

Hakuitwa. Kabla ya Krismasi mke wa Omwenga alifika langoni mwa kiwanda na kikapu cha chinsaga, mboga chungu ile ya nyumbani, akauliza yule mama wa sindano ni nani. Ng'ombe walikuwa wanakunywa. Watoto walikuwa wameanza tena kuogelea kwenye kona ya kijito.

Mwaka 1974 Nyanchama alifanywa mkuu wa maabara, na maabara yenyewe ikapata chumba cha pili. Kitambuzi cha ng'ambo kilifika mwezi wa kwanza kama kilivyoahidiwa. Alikiweka kabatini, akakitumia kuhakikishia kile chake mara moja kwa wiki. Aliendelea kutengeneza vingine, kila kimoja bora kuliko kilichotangulia, na viwanda viwili vya ngozi vya mbali vikatuma watu kuja kujifunza.

Kisha, mwezi wa tano mwaka 1977, barua ikaja kutoka Kisumu. Bwana Mwangangi alikuwa anaandaa mafunzo ya wapimaji wa maji machafu wa viwanda vya mkoa mzima, akamwomba Nyanchama afundishe siku tatu. Alikwenda na sanduku la waya, glasi na gundi. Darasani alikuta wanaume kumi na wanne, watatu kati yao wenye digrii. Mmoja alidhani ameleta chai, akaomba asiwekewe sukari.

"Chai inakuja saa nne," alimwambia Nyanchama. "Kwanza kila mtu achukue waya wake."

Akawagawia. Akawaonyesha jinsi ya kuunganisha, jinsi ya kuziba, jinsi ya kungoja gundi ikauke bila kuiharakisha. Siku ya tatu, kabla ya adhuhuri, mishale kumi na miwili kati ya kumi na minne ilikuwa imetulia mahali pake. Ile miwili iliyobaki ilitulia baada ya chakula, na wa mwisho kabisa alikuwa yule bwana wa sukari, aliyekuja mbele na karatasi yake ya grafu akaiweka mezani.

"Mwalimu," alisema, "tazama mstari wangu."